Uwanja wa Shabaha Shambani kwa Sikudhani

Kanali mstaafu Mhando alilitaka shamba la karanga la Sikudhani ili ajenge uwanja wa shabaha.

"Faida yake ni wageni wengi," alisema. "Hasara siioni."

"Labda mlio, Kanali. Kwa wiki moja, piga risasi kwenye kichuguu kile asubuhi na jioni. Nikiuzoea, shamba lako."

"Kumbe una akili, mama."

Kanali alipiga siku saba bila kukosa. Siku ya nane alikuja na mkataba, akamkuta Sikudhani akishona gunia la mwisho la karanga.

"Umeuzoea mlio?"

"Bado, kwa hiyo shamba silitoi. Na nyani waliokuwa wakinimalizia karanga, mlio umewashinda pia. Wamehamia kwenye mahindi yako."

Kanali alikimbilia gari. Mkataba aliusahau juu ya gunia.