Dawa ya Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao, ukame uliingia nchini. Kisima kimoja tu kilibaki na maji safi, na kando yake palikuwa na mwamba wa chumvi. Kifaru akavizungushia vyote miiba, akalala mlangoni.

Watoto wawili wa Bi Digidigi, Heri na mdogo wake Siwatu, walishikwa na kiu wakanywa maji ya dimbwi. Wakaanza kuharisha. Wakaharisha mpaka macho yakaingia ndani na midomo ikapasuka.

Mama yao akakimbilia kisimani, tipu-tipu-tipu!

"Hodi, mjomba Kifaru! Wanangu wanaharisha, wanakauka. Nisaidie kibuyu kimoja cha maji na chumvi kidogo."

"Pffff! Toka hapa nisikukanyage!"

Digidigi akageuka, machozi yakimlenga. Kisha akasimama, akamtazama yule bwana mkubwa kwa huruma.

"Masikini, mjomba! Kumbe na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Umekauka. Hebu nikufinye shingoni. Ngozi ya mzima ukiifinya hurudi, fyatu! Ya aliyeishiwa maji mwilini hubaki imekunjamana."

Akafinya. Ngozi ya Kifaru, kama mjuavyo, ina mikunjo tangu kuzaliwa. Ikabaki vilevile.

"Mama wee, nakufa!" Kifaru akapiga mayowe. "Dawa yake nini?"

"Maji na chumvi. Nikayachemshe kwangu, nitie na sukari guru. Haraka, mjomba!"

Kifaru akaiondoa miiba mwenyewe, akajaza kibuyu, akamega na chumvi. Digidigi akatimua mbio, vumbi timtim!

Nyumbani akachemsha maji, akayapoza, akatia sukari. Chumvi akaitia kwa kuonja, isizidi ile ya machozi. Na machozi alikuwa nayo, yalimtiririkia mpaka mdomoni.

Akamnywesha Heri kijiko kwa kijiko. Heri akameza.

Akamwinua Siwatu. "Kunywa, mama. Meza kidogo tu."

Maji yakamtoka pembeni mwa mdomo. Siwatu alikuwa wa baridi.

Jua lilipopinda, ardhi ikatikisika, du! du! du! Kifaru akaingia uani akifoka.

"Mwongo wewe! Nimekunywa maji kutwa nzima, ngozi ni ileile! Dawa yangu iko wapi?"

Digidigi hakukimbia. Alikuwa amempakata Siwatu, amemfunika kwa kanga.

"Hii hapa, mjomba. Imebaki. Wa kuinywa hakuiwahi."

Kifaru akatazama kibuyu, akatazama kanga. Akaenda nyuma ya nyumba, akainamisha kichwa, akaanza kuchimba kaburi kwa pembe yake, taratibu, kaburi dogo sana. Heri aliketi kizingitini akimwangalia, kijiko kikiwa bado mkononi.

Wanangu, maji yanyimwayo asubuhi hayamfufui mtu jioni.