Kofia Moja, Vichwa Vitatu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nina kesi na imenishinda. Ndani ya kesi hii kuna mtu aliye ndani ya tangi, na maji ya moto yako njiani kumfuata. Mtu huyo ni mimi, Tusajigwe, kwa hiyo msianze kulia. Nilitoka, na chai nikanywa.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa huku nyanda za juu. Kabla sijaingia tangini, niwatambulishe wenzangu watatu.

Wa kwanza ni Mzee Lwitiko wa kwenye vali. Kipaji chake ni masikio. Ameshafanya kazi na mainjinia wageni watano, na Kiingereza chao kimemwingia chote, ila hakuna hata neno lililowahi kutoka. Ukimsemesha Kiingereza anakuelewa mpaka kikohozi, kisha anakujibu kwa Kiswahili.

Wa pili ni Sambwe, mbeba kreti. Kipaji chake ni kutoona haya. Ana maneno ya Kiingereza kama arobaini hivi, mengi ya mpira, yaliyobaki ya kuombea ruhusa, na anayatumia yote kila siku. Akikosea tunacheka, naye anacheka kutuzidi.

Wa tatu ni Atupele wa maabara. Kipaji chake ni sentensi. Kiingereza chake kimenyooka, ungedhani anasoma taarifa ya habari. Tatizo lake ni kuogopa kukosea mbele za watu. Sentensi anaipika kichwani taratibu, na ikija kuiva, mazungumzo yameshahamia kwingine.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, tuliletewa Injinia Petar kutoka Bulgaria. Mtu mpole, ila msafi kupita kiasi. Kiingereza chenyewe naye kakijifunzia ukubwani, lakini ndicho pekee tulichokuwa nacho kati yetu. Kila asubuhi saa moja anatukusanya, anaeleza kazi za siku, kisha anauliza kama tumeelewa. Sisi, watu thelathini na wawili, tunaitikia kama kwaya: "Yes, sir!"

Msituite waongo. Kumwambia mkubwa mbele za watu kwamba hujaelewa, kwetu ilikuwa sawa na kumwambia hajui kueleza. Ilikuwa heshima, jamani. Na heshima hiyo nusura inipike.

Siku hiyo Injinia alieleza kirefu kwamba amefunga mtambo mpya, na kuanzia leo tangi la pili litajiosha lenyewe kwa maji ya moto, saa nne. Mzee Lwitiko hakuwepo, alikuwa anapokea maziwa ya asubuhi. Atupele alikuwa maabara. Tuliobaki tuliokota "tangi la pili" na "saa nne" tu, na sote tukajua maana yake: kama kila siku, Tusa ataingia kusugua. "Yes, sir!" Sambwe ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Saa nne kasoro nikavua gambuti zangu, nikaziacha chini ya ngazi, nikapanda na brashi yangu na kuingia miguu mitupu. Kiwandani kwetu, gambuti chini ya ngazi maana yake kuna mtu ndani. Kila mmoja anajua, na hakuna aliyewahi kuiandika popote. Injinia akapita, akaona gambuti zimetupwa kwenye sakafu safi, akasikitika. Akazibeba mwenyewe hadi rafu ya mlangoni na kuzipanga vizuri, kisigino kwa kisigino.

Akaingia chumba cha kioo, akapiga simu kitengo cha kufungasha kuuliza kama watu wote wako mbali na mitambo. "Yes, sir!" Akabonyeza. Saa ya mtambo ikaanza kuhesabu dakika mbili, na wa kuisimamisha ni mwenye ufunguo tu. Ufunguo akautia mfukoni. Kutoka pale hadi juu ya tangi ni mwendo wa zaidi ya dakika tatu, hata ukikimbia.

Mzee Lwitiko alikuwa amerudi kwenye vali yake, jirani na kile chumba. Akamsikia Injinia akimwambia meneja kwenye simu: tangi la pili, maji ya moto, dakika mbili. Mzee akageuka, akaziona gambuti zangu kwenye rafu, zile zenye kiraka cha bluu. Saa hiyo sivui gambuti ila kwa kuingia tangini, naye alilijua hilo; akapaza sauti.

"Sambwe! Tusa yuko ndani, na huyu keshawasha maji! Mzuie!"

Injinia alikuwa anatoka nje kulilaki gari la maziwa. Sambwe akatupa kreti, akasimama mlangoni na mikono ameitanua kama golikipa. "No!" akasema. Kwenye kiwanda kile hakuna aliyewahi kumwambia injinia yeyote neno hilo. Injinia akamjibu kwa upole kwamba mambo ya ruhusa wataongea baadaye, maana Sambwe akikusimamisha, ni ruhusa. "No, sir! Red card! Red card!" Sambwe akapaza sauti, machozi yanamtoka. Injinia hakuelewa kitu, lakini akaelewa kwamba huu si utani. Akasimama.

Atupele akatoka maabara na chupa ya sampuli mkononi. Mzee Lwitiko akampigia kelele, "Atu mwanangu, mwambie Tusa yuko tangini!" Safari hii hakupika kitu. Akaisema mbichi, kwa Kiingereza: kuna mtu ndani ya tangi la pili, na gambuti zile za kwenye rafu ni zake. Mpaka leo anasikitika kwamba alikosea sarufi mahali pawili. Injinia alikimbia mbio ambazo hatukujua anazo, akageuza ufunguo. Zilibaki sekunde kumi na moja.

Na mimi? Nilikuwa naimba sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili. Tangi lina mwangwi mzuri sana. Nikatoa kichwa, nikaona chini ya ngazi hakuna gambuti, nikawaka: "Nani kachukua viatu vyangu?" Ndipo nikawaona wenzangu wote wanakuja mbio, na Injinia amekaa sakafuni, analia kama mtoto. Tukakumbatiana tukiwa tumelowa jasho na machozi. Chai ya siku ile ilikuwa maziwa matupu, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Wiki iliyofuata Injinia akaja na kofia nyekundu. Atakayeivaa atasimama naye kila asubuhi, na hakuna mtambo utakaowashwa mpaka yeye ajibu kwa niaba yetu. Mmoja tu, akasema, kwa sababu wakijibu watu thelathini, hasikii kitu. Kisha akanikabidhi mimi nichague, akanipa na siku chache za kufikiri, maana ngozi ilikuwa yangu.

"Bila masikio yangu nani angejua?" anauliza Mzee Lwitiko.

"Mzee, ungesikia weee, na yeye angekuwa ameshafika getini," anasema Sambwe.

"Mlimsimamisha tu," anasema Atupele kwa sauti ndogo. "Hakuzima mpaka alipoelewa."

Wote wana haki, na wote nawapenda. Asubuhi hizi Injinia akiuliza kama tuko tayari, hakuna anayeitikia. Kimya kabisa, wote wananitazama mimi, na kimya hicho kinanifurahisha kuliko ile kwaya yetu.

Kesho saa moja siku zangu za kuchagua zinakwisha, na kofia ni hii hapa mapajani. Saa nne nitavua tena gambuti zangu chini ya ngazi, maana mtambo ule hauondoi utando wote. Haya, semeni: mngekuwa ninyi mle ndani, miguu mitupu na brashi mkononi, mngetaka nani awajibie huku nje?