Simba wa Rupia

Ko! Rupia kuukuu ya bibi yake ilimponyoka Mwanahija usiku ule, ikalia sakafuni kama kokwa. Fedha halisi hulia ngliii. Kumbe Bwana Mbaraka, tajiri aliyeiazima ili awaonyeshe wakusanyaji wenzake wa sarafu, alikuwa amemrudishia ya bandia! Lakini akimshtaki tajiri, nani atamwamini?

Asubuhi alimkuta barazani na wenzake.

"Shikamoo, Bwana. Nimekuja kushukuru."

"Marahaba. Kwa lipi, binti?"

"Rupia uliyonirudishia ni bandia, ya kusubu kalibuni, lakini tazameni simba huyu aliye juu yake! Manyoya yake utadhani yanapeperuka."

Wageni waliipokezana kwa uchungu. Kila mmoja alikwisha kuuziwa rupia bandia yenye simba kama yule, na jina la fundi wake walikuwa wamelitafuta kwa miaka.

"Mkono huu naujua," alisema Mwanahija. "Ni wa Badi, jirani yako."

"Badi?" Mbaraka alicheka kwa kebehi. "Badi hawezi kusubu hata kijiko!"

"Bwana, usimwonee wivu. Wewe wanunua tu. Mwenzio ana kipaji."

"Kipaji! Badi!"

"Basi simba huyu ni wa nani?"

Tajiri alijipiga kifua. "Wa Mbaraka bin Shee!"