Kiti cha Mzee Kobelo

"Nani amekishusha kiti changu?"

Mzee Kobelo aliuliza hivyo mbele ya bendi nzima, akiwakazia macho wanaume, alasiri ya mazoezi. Mpiga besi akainamia nyaya zake. Mpuliza tarumbeta akakumbuka ghafla kwamba tarumbeta lake lina vumbi.

Mzee huyu alianza kama mpiga dramu wa kuajiriwa. Na kwenye bendi, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Wengine wanapiga tu. Siku moja akapata vyombo vyake, akawashawishi wenzake, wakahama wote na kumwachia bosi wao ukumbi mtupu. Ndivyo Kobelo alivyopata bendi, na baadaye ukumbi wake mwenyewe jirani na stesheni, wenye jina lake mlangoni kwa taa nyekundu.

Sasa niambie, mtu aliyepanda cheo kwa njia hiyo analalaje usingizi?

Usiku halali. Kila wawili wakinong'ona, anajua wanahama. Kwa hiyo alipoona kiti chake cha dramu kimeshushwa, na si mara moja, akaanza kukusanya ushahidi. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Na zaidi ya yote, Chitemo, mpiga besi, alikuwa akiongeza sauti kila wimbo ukifika kwenye chemko, pale mdundo unapokaza mwendo.

"Unataka kunifunika, Chitemo?"

"Hapana, mzee. Besi tu imechangamka."

"Besi haichangamki yenyewe. Kuna mkono."

Akawapanga wanaume wote mstari, mmoja mmoja akae kwenye kile kiti vilevile kilivyoachwa. Magoti yao yakapanda hadi kifuani. Mcharaza gitaa akasema, "Mzee, hapa labda tumtafute mbilikimo." Wakacheka. Mzee hakucheka.

Mwajabu, mwimbaji wa bendi, alikuwa amesimama palepale na maikrofoni mkononi. Hakuambiwa akae. Hakuulizwa hata jina. Jamani, wanawake tunanyimwa mengi, lakini kumbe hata shutuma tunanyimwa!

Ushahidi ukawaachia huru wanaume wote. Mzee akamfukuza Chitemo hivyohivyo.

"Nenda kwa hao waliokutuma."

Chitemo akakunja nyaya zake. Akaondoka.

Jumapili ile kulikuwa na bugi, dansi la mchana, na besi imeshikwa na mgeni. Ukumbi umejaa, vijana wamepiga pasi mpaka mikunjo inakata. Wimbo wa kwanza ukaenda salama, kwa sababu ulikuwa wa polepole. Wa pili ukafika kwenye chemko, na wachezaji wakaanza kukanyagana. Mmoja akasimama. Wengine wakasimama. Sauti ikatoka katikati ya ukumbi:

"Mzee, mguu umelala!"

Kweli ulikuwa umelala. Mguu wa kulia wa Mzee Kobelo ulikuwa unachelewa kwenye kanyagio la ngoma kubwa, na ulikuwa umeanza kuchelewa muda mrefu. Bendi nzima ilijua. Ndiyo maana Chitemo alikuwa anaongeza besi: ili miguu ya wachezaji imfuate yeye, aibu isimfikie mzee.

Mwajabu akaweka maikrofoni chini, akaenda nyuma.

"Mzee, nipishe."

Mzee akainuka, labda kwa kushangaa tu. Mwajabu akashika skrubu ya kiti, akakizungusha chini kwa haraka ya mtu aliyezoea, akakaa. Chemko likarudi. Wachezaji nao wakarudi.

Wimbo ulipokwisha, mzee alikuwa bado amesimama kando na vijiti viwili vya akiba mkononi.

"Kumbe ni wewe. Toka lini?"

"Toka mguu ulipoanza. Chitemo ndiye aliyeniambia nijifunze, siku ikifika ukumbi usifungwe. Nilikuwa napiga wewe ukiwa umelala mchana."

"Mbona hukusema nilipouliza?"

"Uliwauliza wanaume, mzee."

Siwatetei wote. Walinyamaza kwa heshima, na heshima ya kumficha mtu mguu wake mwenyewe mimi siielewi. Lakini ni nani angemwambia ukweli mtu ambaye kila sauti kwake ni njama?

Mzee alivuka reli mwenyewe kwenda kumtafuta Chitemo. Alimkuta kwenye ukumbi wa jirani, ameshaajiriwa, anafunga nyuzi mpya.

"Rudi, mwanangu. Nilikosea."

"Nimekusamehe, mzee," Chitemo akasema. "Lakini huku nikiongeza sauti, wananiuliza kwanza kwa nini."

Hakurudi. Mpaka leo bendi ile ina dramu safi, na besi ya kuazima.

Funzo: Anayewashuku wote huishia kumfukuza aliyekuwa akimfichia aibu, na jibu analolitafuta huwa kwa yule ambaye hakumwona kuwa wa kuulizwa. Wewe unayeongoza chochote, hata kikundi cha watu watano, nakuomba: kwenye kikao chako kijacho, muulize yule ambaye hujawahi kumuuliza, kisha nyamaza umsikilize.