Raketi ya Bei Chee

Bisha uone, lakini mimi Chande nilimweza Bosi Mbaruku, mwenye ukumbi wa mpira wa vinyoya na duka la raketi pale mlangoni. Alikuwa ametangaza kwamba asiyenunua raketi zake za bei mbaya haingii tena kucheza, hata sisi tunaojifunza.

“Hiyo yako ni ya watoto,” aliniambia mbele za watu.

“Kweli, bosi. Hata bingwa kama wewe huwezi kushinda nayo.”

“Mimi? Lete hapa.”

Akacheza nayo, akamchapa mpinzani vibaya sana.

“Umeona? Kazi ni mkono, siyo raketi.”

“Nimekuelewa, bosi. Basi kesho naingia na hii hii.”

Ukumbi mzima ukacheka, naye akanirudishia raketi yangu.

Ila kuna kitu nimekuficha. Yule aliyechapwa bila kupata hata pointi moja ni mimi, na mkononi nilikuwa nimeshika raketi yake ya bei mbaya.