Herufi Zisizosomeka

Losalini Dakuwaqa hakuwa na nuru ya macho tangu utotoni, lakini kompyuta aliijua kama kiganja chake. Ilimsomea kwa sauti, naye akaandika kwa vidole vyepesi. Kwa miaka tisa alikuwa mwalimu wa muda katika shule moja ya mji wa Labasa, Fiji. Ajira ya kudumu ilipotangazwa, alitakiwa kuomba kupitia tovuti mpya ya ofisi ya elimu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Jumatatu akaanza. "Kitufe," kompyuta ilisema. "Kitufe. Kitufe. Picha." Hakuna kilichotajwa kwa jina. Alipapasa siku tatu hadi ukurasa wa mwisho, na hapo akagonga mwamba: "Andika herufi unazoziona pichani."

Ijumaa asubuhi akaenda ofisini, fimbo mkononi, moyo ukimtokota kama chungu cha majimbi. Bwana Vikash Narsey, msimamizi wa tovuti, alimpokea kwa maneno ya asali.

"Mwalimu, tovuti hii tumeipima mara kumi. Haina kasoro hata chembe."

"Kuna asiyeona kati ya waliopima?"

"Sote tunaona, Mungu ashukuriwe. Kwani nyumbani huna mtu wa kukujazia?"

"Nawafundisha watoto wa watu kujitegemea, halafu mimi niombewe kazi na mpwa wangu? Haya, zima kioo cha kompyuta hiyo, washa sauti yake ya kusoma, ujaze wewe. Nakusubiri."

Wafanyakazi wote waligeuka kutazama. Vikash akazima kioo shingo upande. "Kitufe. Kitufe. Picha." Alibonyeza huku, akapotea kule, jasho likimtiririka. Dakika ishirini zilipita bila yeye kuandika hata jina lake.

"Haiwezekani hii," alinong'ona.

"Mimi nimefika ukurasa wa mwisho. Sasa chukua karatasi, nikutajie, uandike."

"Sina ruhusa, Mwalimu. Mpaka niulize makao makuu, Suva."

Suva walijibu Jumatatu: muda umepita. Ajira ikaenda kwa mwingine.

Losalini hakunyamaza. Alikusanya wenzake kumi na wanne wasioona, wakaandika malalamiko yaliyofika hadi gazetini. Baada ya miezi miwili tovuti ilibomolewa na kujengwa upya, safari hii wakiipima wasioona wenyewe. Ajira yake haikurudi.

Mkuu wa ofisi alipomuuliza Vikash ilikuwaje akasifu mlango uliowafungia watu nje, aliinamisha kichwa na kusema, "Mzee, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."