Kwa Nini Kompyuta Huweka Mchele, Haiweki Wali

Hapo kale, wala si kale ile ya wanyama kusema, kale hii ya juzi tu ninyi mkiwa hamjazaliwa, Kompyuta alikuwa mpole kupita kiasi. Saa yoyote aliyoambiwa aliimeza vilevile ilivyotamkwa. Aliyesema "saa nne" alimwekea saa nne, bila kuuliza saa nne ya wapi. Aliyeanza na siku na aliyeanza na mwezi wote aliwaitikia "naam", na tumboni mwake tarehe zikawa vurugu mechi.

Aliishi Tabora, sebuleni kwa Bi Mwamvua, mpishi wa shughuli, mwanamke mwenye mkono wa pilau na mdomo usio na breki. Bi Mwamvua alimpenda Kompyuta kama mtu, akamfunika kitambaa cha kufuma vumbi lisimguse. Maana ndani yake ndimo alimomwona Zamda, bintiye wa pekee, aliyekuwa akisoma nchi ya mbali ambako jua huchelewa kufika.

Siku moja Zamda alituma salamu: "Mama, Jumamosi saa nne asubuhi navishwa pete. Nataka nikuone." Kompyuta akaiweka hivyohivyo. Ilipofika saa nne ya Tabora akapiga kengele. Bi Mwamvua akaketi na kanga mpya na wanja machoni, lakini kioo kikabaki cheusi, kwani kwa Zamda ulikuwa bado usiku na mwenyewe alikuwa usingizini. Mama akangoja hadi akachoka, akavua mapambo, akaenda kupika kwenye shughuli ya watu. Asubuhi ya Zamda ilipofika, Tabora ilikuwa jioni, na kiti kilikuwa kitupu.

Zamda alilia sana. "Mama hamtaki huyu kijana," aliwaambia wenzake. "Basi bila radhi yake siolewi." Na siku ya ndoa ilikuwa imeshakaribia.

Habari zilipomfikia, Bi Mwamvua alishika kiuno mbele ya Kompyuta. "Wewe mtoto umeniumbua!"

"Mama, niliweka kama nilivyoambiwa."

"Ndipo ulipokosea." Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali wa jana na bakuli la mchele. "Nusa. Huu wali, na ninasema wali wa sahani, si wali wa ndoa, umeshakuwa kiporo. Mtu akikuambia saa nne, ameshakupikia kwa chumvi ya kwao. Ukimpelekea wa mbali, unafika umechacha. Lakini mchele hukaa pipani. Akija wa pilau nampikia pilau, akija wa ubwabwa nampikia ubwabwa. Weka mchele, mwanangu. Pika mgeni anapofika."

"Na mchele wa saa ni upi, mama?"

Bi Mwamvua alifikiri kidogo. Sekunde, akasema, hazina kwao. Zinadondoka sawasawa kwa aliyelala na kwa aliye jikoni. "Kubaliana na ukoo wako siku moja ya kuanzia, kisha uhesabu punje, kila sekunde punje moja."

Ukoo wa Kompyuta ukachagua siku ya kwanza ya mwaka 1970, nao wakahesabu kuanzia hapo.

Bi Mwamvua akamtumia Zamda salamu ataje saa ya ndoa, safari hii atamwona kiooni. Zamda alipoitaja, Kompyuta alimuuliza kwanza, "Saa nne ya wapi?" Akahesabu punje, akaweka. Siku ilipofika, kwa Zamda aliandika saa nne asubuhi, na kwa mama yake saa kumi na moja jioni. Kengele ikalia huku na huko kwa pamoja. Bi Mwamvua akatokea kiooni na kanga ileile.

"Niko radhi, mwanangu," mama alisema, machozi yakiharibu wanja. "Tena niko radhi tangu Jumamosi ile. Ni huyu mwenzangu tu aliyenilisha kiporo."

Na tangu siku hiyo, kompyuta huweka punje mbichi na kumpikia kila mtu saa ya kwao. Simu iliyopoteza fahamu ikikuonyesha mwaka 1970, usiitukane. Pipa limemwagika, imerudi kwenye punje ya kwanza. Na ndiyo maana mkiahidiana na mama aliye mbali, kwenu asubuhi na kwake jioni, kengele hulia kote mara moja, nawe ukifungua kioo unamkuta ameshaketi.